Nusu-maisha ya nani?

Mwalimu wa kemia wa Morogoro anauliza: tuandike "isotopi" au "maisotopi"? Na je, ni sawa kusema nusu-maisha (half-life) ya kaboni-14, isotopi mojawapo ya kaboni, ni miaka 5,730?

La kwanza ni jepesi. Isotopi ni ya ngeli ya I-ZI: isotopi hii, isotopi hizi. Anayetaka "maisotopi" akalie "makiti". Asili ni Kigiriki, isos na topos, yaani sawa na mahali. Frederick Soddy alilitumia mwaka 1913 kwa atomu zinazokaa chumba kimoja katika jedwali la elementi ingawa uzito wao umepishana. Basi.

La pili nimelingojea siku nyingi. Mswahili ukimwambia nusu ya maisha ni miaka 5,730, atazidisha mara mbili, na hana kosa. Nimesoma makala iliyotangaza kuwa kaboni-14 "hufariki" ikitimiza miaka 11,460. Hufariki! Matanga yaliwekwa wapi?

Chukua boriti ya mkoko. Mti ukishakatwa hauvuti tena kaboni-14 ya hewani, na ile iliyomo hupungua ikigeuka naitrojeni. Tuseme ilikuwa mafungu 80. Baada ya miaka 5,730 yamebaki 40. Baada ya 11,460, marehemu wetu keshazikwa, yapo 20. Baada ya 17,190, 10. Kinachokatwa nusu ni kile kilichobaki, si kile cha mwanzo. Tena atomu haizeeki: iliyoundwa juzi na iliyoundwa zama za Firauni zina uwezekano uleule wa kugeuka kesho. Maisha gani hayo yasiyo na uzee? Kaboni-12 na kaboni-13 ndizo hazigeuki kabisa, nazo hakuna anayezitungia wasifu.

Mimi husema "muda wa kupungua nusu". Ni refu, sawa, lakini halihitaji nusu saa ya kulitetea. Najua mitihani yenu ni ya Kiingereza, na Kiswahili huitwa pale tu wanafunzi wanapokodoa macho. Basi kikiitwa, kije kusaidia. Ukikuta "nusu-maisha" kitabuni usikichane. Mwambie mwanafunzi asizidishe.

Na wanaosema fuvu la kale la Zinjanthropus la Olduvai lilipimwa kwa kaboni-14, tafadhali. Umri wake wa miaka milioni 1.75 ulipatikana kwenye majivu ya volkano, kwa kupima potasiamu na arigoni. Kipimo cha kaboni-14 huishiwa nguvu kwenye miaka kama 50,000, maana iliyobaki ni kidogo mno.