Kabla Hujashika Sururu, Lowa Kwanza

Shimo letu la kwanza la kuvuna maji ya barabarani ili yanyweshe miti tulilichimba mahali pabaya. Tulikuwa majirani saba, kila mtu na jembe lake, jua la utosi, mori juu. Mvua ilipokuja, maji yakapita upande wa pili, yakatuachia shimo kavu na aibu. Kumbe barabara imeinama kidogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoka kuitazama mvua ikinyesha.

Basi mvua ijayo usijifungie ndani. Toka ulowe. Fuata maji uone yanakotoka, yanapogeukia, yanapotuama, na uchomeke vijiti vya alama.

Kisha piga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kipande cha barabara chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 20, kikinyeshewa milimita 10, kimepokea lita 600. Mengine hupotea, lakini hata nusu yake nani angeyabeba kwa ndoo kuupelekea mti? Wabishi wa mtaa wetu walilegezwa na hesabu hii. Hotuba za mazingira hazikuwagusa.

Kukata ukingo wa barabara ili maji yaingie kunataka kibali. Wakazi wa mtaa wa Dunbar/Spring huko Tucson, Arizona, mji unaopata chini ya milimita 300 za mvua kwa mwaka, walianza kabla ya kuruhusiwa, na jiji likahalalisha baadaye. Walibahatika. Wewe anza na ofisi.

Shimo lenyewe halina siri kubwa. Kitako chake kiwe chini kuliko barabara, na likijaa, maji mengine yaupite mdomo wa kuingilia yaendelee na safari. Likae angalau mita 3 kutoka msingi wa nyumba. Mimina maji kwanza ulijaribu: yakituama zaidi ya siku tatu, udongo huo haunywi vizuri, na mbu huhitaji kama wiki moja tu kutoka yai hadi kuruka. Mti upande kwenye kidato cha pembeni, si kitakoni. Sisi tulipanda kitakoni, miche miwili ikaoza shina. Mboga usipande kabisa, kwa sababu maji ya lami huja na oili na taka za magari.

Kinachoua miradi hii ni tope. Mvua mbili tatu tu, na mdomo umezibwa na mchanga, majani na mifuko ya plastiki, maji yanapita zake. Tuliandika orodha ya zamu, nzuri kweli, ikabandikwa ukutani. Ilidumu msimu mmoja. Kila aliyeona tope alijua ni zamu ya mwenzake. Tukaitupa, tukakabidhi kila shimo kwa nyumba inayolitazama. Hapo ndipo watu walianza kuamka na koleo bila kugongewa mlango. Pia weka mawe mdomoni na kishimo kidogo cha kunasa mchanga, uchote hapo badala ya kuchimbua kote.

Lile shimo la kwanza hatukulifukia. Jirani aliyetucheka siku ile aligeuza bomba la paa lake likamwagie humo. Sasa mti wake ni mrefu kuliko yetu yote, na hachoki kutukumbusha.