Kebo ya klachi inaungua na stata ni dhaifu: angalia waya wa athi kwanza

SWALI: Habari fundi. Nina pikapu ya zamani ya petroli, gia za mkono, klachi ya kebo. Injini ilishushwa ikafanyiwa ovaholi hapa Kariobangi. Tangu irudishwe, stata inazunguka kwa uvivu, na nimeshanunua betri mpya na stata nyingine. Taa za mbele ni hafifu. Klachi imekuwa nzito, gia ya kwanza na rivasi zinalia, na kebo mpya niliyoweka ilikaa wiki mbili tu ikawa nzito kama ya kwanza. Fundi wa injini ananituma kwa fundi wa waya, na fundi wa waya anasema klachi si kazi yake. Nianzie wapi? — Msomaji, Umoja

JIBU: Anzia kwenye hasi ya betri. Dalili zako karibu zote, hata ya klachi, zinaweza kutokana na kitu kimoja: waya wa athi wa injini, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, haukurudishwa injini ilipopandishwa, au ulifungwa juu ya rangi na kutu. Waya huo huangukia katikati ya mafundi wako wawili. Wa injini huuona ni wa umeme, wa umeme hukuta injini tayari imefungwa.

Injini haigusani na bodi chuma kwa chuma, imekalia raba. Umeme unaoingia kwenye stata kwa waya mnene wa chanya lazima urudi kwenye hasi, na si kidogo. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 150 hivi, na zaidi injini ikiwa imetoka ovaholi kwa sababu bado imebana. Hasi ikiwa imefungwa kwenye bodi peke yake, bila waya wa kutoka bodi hadi injini, umeme huo hujitafutia njia kwenye chuma chochote kinachounganisha viwili hivyo: kebo ya akselereta, kebo ya choki, na hasa ya klachi. Ganda la kebo ya klachi ni chuma kilichosokotwa, upande mmoja limeshikwa na bodi na upande wa pili na giaboksi. Volti 2 zikipotea humo wakati ampea 100 zinapita, hizo ni wati 200 za joto ndani ya kebo nyembamba kuliko kidole. Nailoni ya ndani inalainika, kisha ikipoa inaugandia waya. Kila unapopiga stata unaipika upya.

Kama bado unayo kebo uliyoitoa, itazame. Plastiki ya nje ikiwa na malengelenge kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, na nyuzi za ndani zimegeuka rangi ya kahawia au samawati, imeunguzwa na umeme. Ikiwa imeungua sehemu moja tu, upande mmoja, hapo ilikuwa inagusa ekzosi, na hiyo ni kesi nyingine.

Uthibitisho hauhitaji kifaa cha kupimia. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Chukua waya mmoja wa kuazimia chaji, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri na wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mkanda. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umepata ugonjwa.

Ukiwa na maltimita ni bora zaidi, kwa sababu itakuonyesha pia kama upande wa chanya una kasoro. Betri iliyotulia yenye chaji kamili husoma takriban volti 12.6. Chomoa waya wa umeme wa koili ili injini isiwake, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi (si kwenye terminali) na nyingine kwenye injini, kisha mwenzako apige stata kwa sekunde 5, asizidi hapo. Chini ya volti 0.2 ni nzuri. Ikipita 0.5, athi ni mbovu. Rudia kutoka nguzo ya chanya hadi bolti nene ya stata. Hapo pia isipite 0.5.

Kurekebisha: funga waya wa shaba wa milimita za mraba 35 kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi bolti ya giaboksi iliyo karibu na stata. Kisha ongeza wa pili, milimita za mraba 10 au 16, kutoka injini hadi bodi. Waya wa mashine ya kuchomelea unafaa sana, ni laini na unauzwa kwa mita, lakini kabla ya kulipa ukwangue kwa kisu. Ukionyesha weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, urudishe. Terminali zibanwe kwa mashine, zisisokotwe kwa koleo na kufunikwa tepu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tia washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi juu yake kuzuia kutu.

Sasa klachi. Usifunge kebo mpya kabla athi haijakaa sawa. Ipitishe kwa mkunjo mpana, mbali na ekzosi, na kama ina nailoni ndani usiitie grisi. Pedali iwe na mchezo wa milimita 15 hadi 25 kabla ya kuanza kusukuma. Kipimo kamili ni cha kitabu cha gari lako. Watu wengi huondoa mchezo wote gia zikilia. Hapo beringi ya klachi inazunguka muda wote na pleti inaanza kuteleza mlimani.

Jaribu hivi: injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), kanyaga klachi mpaka chini, hesabu sekunde 5, ingiza rivasi. Ikiingia kimya, shida ilikuwa kebo. Ikilia bado, klachi haiachii, na kwa kuwa injini ilishushwa nashuku mambo mawili. Pleti huenda iliwekwa kinyume, kitovu chenye springi kikaelekea flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa injini). Nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili, fundi aangalie. Au beringi ndogo ya mwisho wa krenki imekwama na inaizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikikanyagwa. Yote mawili yanataka giaboksi ishuke, kwa hiyo kwanza maliza yaliyo juu.

Taa zipimwe baada ya athi. Zikibaki hafifu huku betri ikisoma volti 13.8 hadi 14.4 injini ikiwaka, weka rilei (swichi ya sumaku inayobeba umeme wa taa), maana swichi ya zamani haistahili kubeba ampea 10 za taa mbili.

Na ile stata uliyoitoa usiiuze kama chuma chakavu. Ibane kwenye meza, ipime kwa betri. Pengine ni nzima.