Riwaya ina padri mwoga: nimwache binti aisome?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha tano anasoma riwaya ya Mwitalia Alessandro Manzoni, kwa tafsiri ya Kiingereza, The Betrothed. Nasikia humo mna padri anayekataa kufungisha ndoa kwa kumwogopa bwana mkubwa. Haitamharibia imani? – Mama wa Songea

JIBU: Milele na milele, amina. Mwache asome, mama. Don Abbondio ni mwoga kweli. Nilimcheka sana, mpaka nikakumbuka siku niliyokaa kimya kwenye kikao huku mjane akinyang'anywa shamba. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunichoma vile.

Ila asiishie hapo, avumilie na zile kurasa ndefu za historia (nyingine mimi niliziruka). Yumo pia Padre Cristoforo, aliyeua mtu ujanani, akaenda kumwomba msamaha kaka wa marehemu, akapewa mkate. Kipande chake alikitunza miaka yote. Tauni ya 1630 ilipoingia Milano, yeye yuko kambini anahudumia wagonjwa. Renzo, yule bwana harusi aliyenyimwa ndoa, anafika akiwaka kisasi. Mzee anamkaripia, kisha anamshika mkono hadi alipolala adui yake, Rodrigo, yule bwana mkubwa aliyezuia ndoa, hajitambui, anakaribia kufa. Baada ya ukurasa ule nilimsamehe mtu fulani. Jina lake tuliache.

Papa Fransisko mwenyewe aliwahimiza wachumba waisome, Mei 2015.

Binti akimaliza, muulize kile kipande cha mkate kiliishia mikononi mwa nani.