Range Rover inayopungua kulanti na gia kugonga

Kaka, umesema Range Rover yako inapungua kulanti (maji ya kupozea injini) bila tone chini na gia zinagonga ukitoka Gairo kuja Dodoma; usikubali gia boksi ishushwe kwanza. Fundi achote oili yake kidogo aimwage kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kulanti imeingia kupitia kipoza oili ya gia boksi, na hapo gari lisiwashwe tena, livutwe: maji yanabandua bitana (tabaka za msuguano) za klachi za ndani ya gia boksi. Ikiwa safi, apime presha ya mfumo wa kulanti injini ikiwa baridi, akague mabomba ya plastiki ya kulanti. Injini ya V8 ya lita 5.0 inasifika kwa mabomba hayo kupasuka. Na tafadhali, usijazie maji ya kisima, ya kwetu yana chumvi mno.