Lori limeniulia gari, bima yake inanipa pungufu: nipokee?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Noah yangu iligongwa na lori mteremko wa Inyala ikiwa imeegeshwa. Polisi wameandika kosa ni la dereva wa lori. Bima ya lori inasema gari halitengenezeki tena. Inanipa milioni 8 na mabaki inayachukua. Fundi yuko tayari kuniandikia makadirio makubwa ili waongeze. Je, fedha hii ni halali? (Muulizaji, Mbalizi)

JIBU: Waalaykum salaam. Pole sana ndugu yangu, Allah akupe badali iliyo bora.

Fedha ni halali kwako. Azimio la Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, Jeddah 1985, lililoharamisha bima ya biashara kwa sababu ya gharari (mkataba wenye utata usiojulikana mwisho wake), linamgusa anayeingia mkataba. Wewe hukuingia. Unamdai aliyekuharibia mali, naye amelihamishia deni lake kwingine.

Kiasi ndicho chenye kazi. Gari lililotumika halina mfano wake kamili, kwa hiyo kisheria hulipwa qima: thamani yake mahali pale, siku ile, kabla ya kugongwa. Si bei uliyonunulia, wala bei ya gari lililoshuka meli jana Dar es Salaam. Zunguka yadi tatu za Mbeya mjini, uliza Noah ya mwaka huo huo na kilomita zinazokaribiana, uandikiwe bei kwa karatasi yenye muhuri. Ambatisha kadi ya gari, picha za kabla ya ajali na risiti za matairi au injini kama ulibadilisha karibuni. Kisha waombe ripoti ya mkadiriaji wao uone milioni 8 imetoka wapi. Mara nyingi utakuta wameandika toleo la chini la gari au mwaka si wake.

Sasa mabaki. Katika Sahihi Bukhari, sahani ya mmoja wa wake za Mtume (s.a.w.) ilipovunjwa nyumbani kwa mke mwingine, Mtume alitoa sahani nzima ya yule mvunjaji akampelekea mwenyewe, na iliyovunjika akaiacha kwa aliyeivunja. Tazama uzuri wa hukumu hii: anayelipa kamili huchukua kilichovunjika. Tuseme yadi zimekubaliana milioni 13 na mabaki ni milioni 3. Wakichukua mabaki, wakulipe 13. Ukibaki nayo, 10. Kukata milioni 3 na gari wakaondoka nalo ni kula mali yako kwa batili. Nawe ukikubali walichukue, usichomoe betri wala matairi usiku, limeshakuwa lao.

Makadirio ya fundi yakatae. Ni ushahidi wa uongo, na kinachozidi thamani ni haramu kwako hata kama kampuni imekupunja kwanza. Allah anasema: "Msidhulumu wala msidhulumiwe" (2:279). Madai yaliyo sawa yana nguvu ya kutosha.

Usisaini hati ya "malipo kamili na ya mwisho" kabla hujaridhika. Hiyo ni suluhu, na suluhu inafunga. Kama kuna aliyeumia, hakikisha haifuti na madai yake ya matibabu. Wakigoma, waandikie barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha nenda ofisi ya kanda ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, hapo Mbeya. Baada ya hapo yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Uliza pia kikomo cha bima ya lori kwa uharibifu wa mali. Kikipungua chini ya thamani, salio halijafutika, linabaki kwa aliyekugonga.

Ukiyabakiza mabaki na kuyauza, mwambie mnunuzi wazi kwamba gari limepigwa, na uonyeshe chesisi ilipopinda. Kadi na namba usimpe mkononi bila kubadilisha umiliki. Kama linauzwa vipuri, lifute kwanza kwenye usajili TRA, kwani kadi ya gari lililokufa ndiyo wanayoitafuta wezi ili kulivisha gari la wizi, na jina litakaloitwa polisi ni lako.

Wallahu a'lam.