Maswali ya Wasomaji: Jengo Moja, Kampuni Moja ya Intaneti

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaishi katika jengo la ghorofa jijini Nairobi ambamo kampuni moja tu ndiyo iliyovuta faiba. Kampuni nyingine ina nyaya zake barabarani, hatua chache kutoka langoni petu, lakini msimamizi wa jengo hawaruhusu mafundi wake kuingia, akisema mwenye nyumba ana makubaliano na ile ya kwanza. Huduma ikikatika, tunakaa hata siku mbili bila jibu. Je, jambo hili ni halali? Na je, intaneti ya setilaiti haitatuokoa? Mpangaji, Kasarani.

JIBU: Ndugu mpangaji, nitaanza na swali lako la pili, kwani jibu lake linalifafanua la kwanza.

Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilianza kutoa huduma nchini Kenya mwezi Julai 2023, ila vifaa vyake vilikuwa ghali kwa mpangaji wa kawaida. Mambo yalibadilika mwezi Agosti 2024, ilipoanza kukodisha vifaa hivyo kwa shilingi 1,950 kwa mwezi na kuuza kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Safaricom, kampuni kubwa ya simu na intaneti nchini, ilikuwa imeiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi kupitia kampuni zenye leseni na miundombinu humu nchini. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba mawimbi ya setilaiti yangeweza kuingilia mitandao iliyopo. Sisemi hoja hiyo haina uzito. Ninachokiona ni kwamba ilipazwa mwaka mzima baada ya mshindani kuingia sokoni.

Ikumbukwe pia kwamba wakati huo Serikali ilikuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom, kwa hiyo iliyokuwa ikigawana faida ya mchezaji mkubwa ndiyo hiyo hiyo iliyopaswa kusimamia mchezo. Hata hivyo, ombi hilo halikuifunga Starlink, na mwezi Septemba Rais Ruto, akiwa New York, alisema hadharani kwamba ujio wa mshindani huyo utaifanya Safaricom ijitahidi zaidi.

Na kweli ilijitahidi, japo kwa namna yake. Mwezi huo huo iliongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kugusa bei: mteja wa shilingi 2,999 alitolewa megabiti 10 kwa sekunde akapewa 15, ilhali yule wa shilingi 12,499 alitolewa 100 akapewa 500. Aliyekuwa na kingi ndiye aliyeongezewa mara tano, na wa chini, ambaye pengine angependa bei ishuke kuliko kasi kupanda, aliongezewa nusu tu ya alichokuwa nacho.

Kwako wewe, setilaiti ina vikwazo viwili. Mwezi Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa, na ingawa ilifungua tena mwaka 2025, jiji lenye watu wengi litabaki kuwa mahali pagumu kwa teknolojia hiyo. Kikwazo cha pili ni paa: dishi linahitaji anga wazi, na paa la jengo lenu ni la mwenye nyumba yule yule.

Kuhusu uhalali, Sheria ya Ushindani ya Kenya inakataza makubaliano ya kibiashara yanayozuia, kupotosha au kupunguza ushindani. Hiyo haina maana kwamba kila mkataba wa mwenye nyumba ni haramu, kwani kampuni iliyogharimia nyaya za jengo zima inaweza kuwa na hoja ya kurudisha fedha zake. Lakini mkataba usio na kikomo, au ambao mwenye nyumba hulipwa ili awafungie wengine lango, ni vigumu kuutetea. Mwandikieni barua, nyinyi wapangaji kwa pamoja, mkimwomba aeleze kwa maandishi kama mkataba huo upo na unakwisha lini. Akikataa, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, mkiambatisha barua hiyo. Suala la kukatika kwa huduma lipelekeni kwanza kwa kampuni yenyewe, mkitunza tarehe na nambari za malalamiko, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano msiporidhika.