Kabla hujampakia mtoto kwenye gari: kwa maafisa ustawi wapya mnaokuja Kusini

Wadogo zangu, najua baadhi yenu mmepangiwa Mtwara na Lindi, na wengi hamjawahi hata kuvuka Rufiji. Karibuni. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii huku kwa miaka 19. Kuna jambo moja nililijifunza kwa gharama ya watoto wa watu, na nisingependa mlijifunze kwa njia niliyopita mimi.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wangu wa pili kazini, kwenye halmashauri mojawapo ya uwanda wa Makonde. Mwalimu alinipigia simu: kuna watoto watatu wanalala peke yao, wazazi hawaonekani wiki ya pili sasa. Tulikwenda jioni na difenda ya polisi, maana gari la ofisi lilikuwa bovu. Nilimkuta msichana wa miaka 11, mdogo wake wa kiume wa miaka 7, na kitoto cha miaka 3 kikiwa na kinyesi kilichokauka miguuni. Nguo zilikuwa chafu, mlango wa fito hauna komeo, na hakukuwa na mtu mzima. Niliuliza mara moja, "Mama yuko wapi?" Msichana akajibu, "Shamba." Nikaandika kwenye daftari: wametelekezwa. Usiku uleule watoto walikuwa njiani kuelekea makao ya watoto, mbali kabisa na kijiji chao.

Kesho yake mchana mama akafika ofisini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na vumbi jekundu lilikuwa limempanda hadi magotini. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akauliza, "Wamekula?"

Bosi wangu wa wakati huo, mzee wa watu aliyekaribia kustaafu, alisoma taarifa yangu yote kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau. Katikati ya maelezo nilikuwa nimeandika, bila kufikiri, kwamba mle ndani palikuwa na chandarua kilichofungwa kwa vipande vinne vya kanga. Akasema, "Nani aliyekifunga?" Sikujua. "Na maji ya kwenye ndoo, ilikuwa na mfuniko?" Ilikuwa na mfuniko. "Chungu kilikuwa na nini?" Kilikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu, cha siku hiyohiyo. "Kilipikwa na nani?" Sikujua. Nilikuwa nimeyaona yote hayo kwa macho yangu, na sikuuliza hata moja.

Kumbe aliyepika ni bibi yao mzaa mama, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua kama arobaini, nyuma ya mwembe. Jioni ile alikuwa amekwenda msibani kitongoji cha pili. Mama alikuwa anarudi kila baada ya siku mbili kuwaangalia. Watoto waliachwa kijijini kwa sababu ya shule, kwani yule msichana alikuwa darasa la nne na upimaji wa taifa ulikuwa mwezi unaofuata. Upimaji huo hakuufanya. Alikuwa makaoni, kwa sababu yangu.

Kuwarudisha kulichukua miezi minne na siku kadhaa. Kuwachukua kulikuwa kumechukua chini ya saa moja. Yule mdogo aliporudi alikuwa akimwita mama yake "shangazi", na kwa siku nyingi alilia kila magari yalipopita.

Sasa nieleze msimu, kwa sababu usipouelewa msimu utawachukua watoto wa nusu ya kijiji. Korosho haichumwi mtini kama chungwa. Huanguka yenyewe, na huokotwa kila siku. Ikilala chini ikanyeshewa, ubora unashuka na bei inashuka nayo, na mashamba mengine yana wezi. Kwa hiyo kuanzia Septemba hadi Desemba kaya nyingi huhamia vibanda vya shambani, na wanaosoma hubaki kijijini na bibi, na mama mdogo, au na dada mkubwa chini ya jicho la jirani. Halafu korosho hupelekwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, zikae ghalani zisubiri mnada, ndipo hela ije. Maana yake ni kwamba Oktoba ndio mwezi ambao nyumba inaonekana imekufa kabisa: unga umepungua, nguo hazijafuliwa, watu wazima hawapo. Pita nyumba hiyohiyo Desemba, utakuta bati jipya na sare za shule zimening'inia kwenye kamba. Tathmini yako ikifanyika siku moja tu ndani ya Oktoba, utakuwa umeitathmini kalenda ya korosho, na familia yenyewe hujaiona.

Msidhani nasema sheria inatufunga mikono. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 ina busara kuliko tulivyoizoea kwa kuisoma kwa haraka. Kifungu cha 95, kile kinachomtaka mwananchi atoe taarifa, kinamzungumzia mzazi ambaye anaweza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, lakini anakataa au anapuuza. Lishike hilo neno "anaweza". Mzazi asiyeweza anahitaji msaada wako, na mlango wake ni mwingine kabisa. Kifungu hichohicho kinaanza kwa kukupa wewe nafasi ya kumwita mlalamikiwa mkazungumza. Mahakama huja pale anapokaidi mliyoamua. Kifungu cha 7 kinasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, na kumtenganisha nao kunahitaji mahakama iamue kwamba kuendelea kuishi nao kutamletea madhara makubwa, kutamweka kwenye mateso, au si kwa maslahi yake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema waziwazi kuwa umaskini pekee kamwe usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Nakala zake nimezikuta zimefungiwa makabatini kwenye ofisi zaidi ya moja.

Mnapofika kwenye nyumba, msianze na mama na baba. Ulizeni, "Mjomba wake mtoto ni nani?" Huku kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama tangu enzi, na ingawa mambo yamebadilika, kaka wa mama bado ana sauti juu ya watoto wa dada yake ambayo baba mara nyingi hana. Nimeona kesi iliyokwama wiki tatu mikononi mwa baba ikaisha alasiri moja alipokuja mjomba na mkongojo wake, akakaa kwenye mkeka, akasema huyu atakaa kwa mama yake mkubwa Nanyamba, na huyu nitakaa naye mimi. Hakuna kituo cha kulelea watoto kitakachowapa hicho. Kwa hiyo itisheni kikao cha ukoo mapema. Mtendaji wa kijiji awepo, mwenyekiti wa kitongoji awepo, na bibi apewe kiti, asiachwe mlangoni.

Halafu zungumzeni na mtoto mwenyewe. Kifungu cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni. Yule msichana wangu angenieleza kila kitu kama ningechuchumaa chini nikamuuliza jana alikula nini, na nani alimwamsha asubuhi. Nilimuuliza swali moja nimesimama, na askari mwenye sare yuko nyuma yangu. Angejibu nini?

Baada ya kisa kile niliingiwa na woga, na woga nao ulinikosesha. Miaka michache baadaye, huku upande wa Lindi, nilikwenda kumwona mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeachwa kwa bibi. Mama alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Bibi alikuwa mpole, nyumba imefagiwa, mtoto kavaa vizuri. Nikajiambia, Kusini ndivyo tunavyolea, bibi ni mama. Sikuomba kadi ya kliniki. Sikumshika mtoto. Wiki tatu baadaye mhudumu wa afya ngazi ya jamii alimpima mkono kwa utepe ukasoma sentimita 10.8. Chini ya 11.5 kwa mtoto wa umri ule ni utapiamlo mkali. Alilazwa, akapona, lakini alipona kwa juhudi za mhudumu yule. Bibi alikuwa anampa uji wa muhogo mtupu, kwa mapenzi yake yote, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa nacho, na aliona haya kusema.

Kwa hiyo beba utepe wa kupima mkono kwenye mkoba wako. Omba kadi. Mbebe mtoto, uone uzito wake mikononi. Heshima kwa bibi haikukatazi kuangalia.

Na yapo ambayo hayangoji kikao chochote: mtoto aliyeunguzwa, aliyevunjwa, aliyeingiliwa, kichanga kilichotupwa, mgonjwa anayefichwa asitibiwe. Hapo toka na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi saa hiyohiyo, mpeleke hospitali kwanza, na uende mahakamani mapema kabla ukoo haujaanza kuyamaliza kienyeji. Mzazi mlevi wa nipa, ile pombe kali ya mabibo ya korosho, ni suala la kupima: anakunywa na watoto wamekula, au anakunywa chakula chao? Hayo mtayazoea.

Kwenye taarifa, andika ulichokiona na uache hukumu yako nje. "Uzembe wa wazazi" hakimu hawezi kuupima. "Nilikuta ndoo ya maji yenye mfuniko, chungu chenye ugali wa siku hiyo, chandarua kimefungwa, bibi anaishi hatua arobaini" anaweza kuupima, na wewe pia unaweza, ukiusoma tena kesho yake usingizi umekutoka.

Ikilazimu kumwondoa, mtafutie familia ya kuaminika ndani ya kata ileile, asome shule ileile, mama aweze kufika kwa miguu. Mwambie mama mtoto anakwenda wapi, kwa mdomo na kwa karatasi. Mwache ampe kanga yake aende nayo. Na siku hiyohiyo andika kwenye faili nini kinatakiwa kibadilike ili arudi, na tarehe ya kuangalia. Faili lisilo na tarehe hiyo linageuka kuwa maisha ya mtoto.

Usiende na difenda kama huna sababu ya difenda. Baada ya lile tukio langu zilienea habari kijijini kwamba ustawi ni mumiani wanaokusanya watoto. Siku ya kliniki iliyofuata akina mama wengi hawakutokea kupima watoto. Muuguzi wa zahanati alinipigia kunieleza, na sauti yake naisikia hadi leo. Watoto ambao sikuwahi hata kuwaona walikosa chanjo kwa kosa langu kwenye nyumba moja.

Yule msichana alirudia darasa la nne. Mwaka uliofuata nilikwenda kwao, peke yangu, kwa bodaboda, nikamwomba radhi mama yake mbele ya bibi na mjomba. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita binti aje aniamkie. Akaja, akanipa "shikamoo" kwa mbali, na mkono mmoja ulikuwa umemshika mdogo wake.

Mkiripoti kazini, wiki ya kwanza msiimalizie ofisini. Mwombeni mtendaji wa kijiji awapeleke mashambani mkavione hivyo vibanda vya msimu, mkae na akina mama wakiokota na kuanika korosho, muulize nani kamwacha mtoto wake kwa nani. Andikeni majina ya bibi na wajomba pembeni ya kila kaya, mkiwa bado hamna kesi hata moja.